Mshono wa Sentimita Moja

Siku ya kwanza chuoni nilikanyaga cherehani ya umeme kama ninavyokanyaga ya shangazi yangu, kwa mguu mzima, na ile mashine ikaondoka. Sina neno jingine la kusema. Kitambaa kiliondoka na sindano, mikono yangu ikabaki hewani, na mshono ukaenda pembe mpaka ukatokea upande wa pili. Darasa zima likacheka. Mimi nami nikacheka, maana ndivyo nilivyo, nikiogopa huwa nacheka.

Ajabu ni kwamba sikuwa mgeni wa cherehani. Nimelelewa Kaole na shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ni fundi nguo. Nilianza kwa kupinda kanga za watu. Nikapanda cheo nikawekwa kwenye vifungo, halafu sketi za shule, halafu siku moja nikapewa gauni la bibi harusi, upande wa ndani, pale pasipoonekana. Sekondari niliimaliza, ila matokeo yangu yalikuwa ya wale wanaoambiwa "pole, mwanangu, kila mtu na riziki yake." Sikulia sana. Mimi ni mtu wa kuota mchana kweupe. Wakati huo nilikuwa nimeshajijengea kichwani duka langu la nguo Bagamoyo mjini, lenye kioo mbele na midoli mirefu imevaa magauni yangu, na hata rangi ya pazia nilikuwa nimeshaichagua.

Kwetu nguo ya mtoto haishonwi kwa mwili alio nao, inashonwa kwa mwili anaouendea. Shule zikikaribia kufunguliwa, mama anakuja barazani kwa shangazi amemshika mtoto mkono, na kabla hata ya salamu kuisha anasema, "Fundi, niachie ndani, huyu anakua kama mgomba." Basi shangazi anakata kitambaa kipana, anashona ubavuni, na ule ubavu anauachia nafasi kubwa ndani. Hapimi kwa tepu. Anapima kwa kidole. Vidole viwili kwa mtoto wa kawaida, vitatu kama baba yake ni mrefu. Upindo wa chini anaukunja mara mbili. Mwaka unaofuata mtoto anarudi, tunafumua, tunamwongezea, anakwenda zake. Nimewahi kufumua sketi iliyovaliwa na dada watatu wa nyumba moja, mmoja baada ya mwingine, na ndani yake ile mishono ya zamani ilikuwa imeacha mistari, kila mstari na mtoto wake.

Halafu msimu mmoja akina mama hawakuja. Sare zilikuwa zimeanza kuuzwa mjini zikiwa tayari, zimekunjwa ndani ya mifuko ya nailoni, na namba ya saizi shingoni. Walipita mbele ya baraza letu na ile mifuko, wakasalimu kwa mbali, "Shikamoo fundi!" na shangazi akaitikia "Marahaba" kwa sauti ileile ya siku zote, kisha akainama kuipaka mafuta mashine ambayo haikuwa imekauka.

Ndiyo maana niliposikia kwamba kiwanda kipya cha nguo kwenye barabara ya Dar kinatafuta vijana, na kwamba chuo cha ufundi cha mjini kina kozi fupi ya kuwaandaa, nilikimbia kujiandikisha kama mtu anayekimbilia mashua yenye samaki. Kozi ilikuwa ya bure. Mwisho wake watu wa kiwanda wangekuja wenyewe chuoni kutujaribu. Atakayeshona wanavyotaka, anaingia kazini. Atakayeshindwa, atapewa cheti chake arudi nacho nyumbani.

Na mimi njia ya kurudi nyumbani bila kazi ilikuwa imeshazibwa, kwa mdomo wa shangazi. Alikuwa ameshamwambia kila mtu. Muuza vitumbua alijua. Mzee wa msikiti alijua. "Wangu anaingia kiwandani," alikuwa anasema, na hata kozi haijafika katikati. Kila nikipita naulizwa, "Unaanza lini kazi?" Nacheka. "Bado kidogo, inshallah." Kisha nafika nyumbani chakula hakipiti.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa kutoka bara, Mkristo, na msalaba mdogo shingoni. Alishawahi kufanya kazi viwandani Dar kabla ya kuwa mwalimu. Alikuwa mpole kwa maneno na mkali kwa macho. Akisimama nyuma yako unasikia tu ananusa kama anayesikia chakula kinaungua.

"Kaole," aliniita. Pale chuoni tulizoea kuitana kwa tulikotoka. "Huu mshono ni sentimita ngapi kutoka ukingoni?"

"Moja, mwalimu."

Akaweka rula. "Hii ni moja?"

"Ni moja na nusu, mwalimu."

"Na hapa mwishoni?"

"Hapo... hapo inakaribia mbili."

"Sikiliza, binti yangu. Kule kitambaa kimeshakatwa na mashine. Kinakuja kwako kwa kipimo chake. Ukila zaidi, nguo inakuwa ndogo. Sentimita moja. Siyo moja na nusu, na siyo moja na huruma."

Darasa likaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo wakawa wananiita Moja-na-Huruma. Mwalimu akanibandikia kipande cha utepe mwekundu kwenye meza ya mashine, sentimita moja kutoka kwenye sindano, nikawa naulaza ukingo wa kitambaa pale kama treni kwenye reli. Ikasaidia. Nilipata mishono ya moja, mirefu, imenyooka, nikawa natamani kuipiga picha.

Aliyekaa nyuma yangu alikuwa kijana wa Ubena, mrefu, aliyekuwa dereva wa bodaboda. Sindano pekee aliyowahi kuijua kabla ya chuo ni ya hospitali. Mikono yake ilikuwa na weusi wa oili usiotoka kwa sabuni yoyote. Mwanzoni nilimhurumia, nikawa namtungia uzi. Baada ya wiki chache ikawa yeye ndiye ananihurumia mimi. Alishona alivyoambiwa, basi. Mkono wake haukuwa na cha kusahau.

"Ubena," nilimwambia siku moja tukila mihogo chini ya ukuta, "wewe huogopi?"

"Naogopa nini? Mimi nimeendesha pikipiki barabara ya Morogoro, malori ya Vigwaza yananipumulia shingoni. Hii mashine imefungwa kwenye meza, inanifuata wapi?"

"Ukikosa je?"

Akatafuna kwanza. "Nikikosa narudi kwenye pikipiki. Ila mama yangu hataki. Kila simu ikilia usiku anadhani ni mimi nimelazwa mahali." Akanyanyua kipande cha mhogo. "Kwa hiyo sikosi. Na wewe hukosi. Acha kunitia mikosi, we Moja-na-Huruma."

Siku ya jaribio ilifika na jua kali. Niliamka na mikono ya baridi, kwetu pwani, ambako hata asubuhi unatoka jasho. Shangazi alinichemshia chai ya tangawizi, akanitazama nikiinywa mpaka ikaisha. Alinirekebishia mtandio, ingawa ulikuwa umekaa vizuri.

Kiwanda kilileta mashine zao kwenye lori ili tujaribiwe kwa vitu vya kazini. Tulipoingia karakana, mashine zetu zilikuwa zimesogezwa ukutani, na katikati zimepangwa zao kwa mstari, moja nyuma ya nyingine. Nikakaa nilipoelekezwa, nikatazama meza. Nyeupe, safi. Hapakuwa na utepe mwekundu.

Msimamizi wao alikuwa mama mfupi mwenye raba nyeupe na miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alitueleza kwa upole kwamba hatashindanisha mtu na mtu. Anataka kuona mstari unavyokwenda. Mmoja anashona kipande chake, anampa wa nyuma, wa nyuma anashona cha kwake, mpaka nguo inatoka mwisho. "Hapa hakuna fundi wa nguo nzima," alisema. "Nguo nzima inashonwa na mstari."

Mimi nikapewa kushona mbavu. Ubena, nyuma yangu, akapewa kuweka mkanda wa kiuno. Wakaanza kugawa mafungu ya vitambaa, nikafungua la kwangu, moyo ukaruka. Zilikuwa sketi za shule. Chuoni tulikuwa tumezoea makoti ya kazi na aproni za watu wazima. Hizi zilikuwa za rangi ya bluu ninayoijua, na ndogo, ndogo kabisa, za mtoto wa darasa la kwanza. Nikaishika moja nikaona kabisa goti la mtoto.

Na zilikuwa zilezile za kwenye mifuko ya nailoni. Hilo nililiona pia, namba ya saizi ikiwa kwenye kikaratasi kidogo juu ya fungu. Sikuwa na nafasi ya kulifikiria. Kengele ililia, nikakanyaga taratibu, mashine ikanitii, nikaanza.

Zilikwenda vizuri ajabu. Ubavu wa kwanza, wa pili, kata uzi, rusha nyuma. Ubavu wa kwanza, wa pili. Nikawa nasikia raha kama ile ya barazani shule zikikaribia kufunguliwa, watoto wamejaa, shangazi anaimba kwa pua. Nikawaza, nimepata. Nikaanza kuota kidogo, siwezi kuficha. Nilijiona nashuka kwenye basi la kiwanda pale Kaole, na kitambulisho kifuani, watoto wananikimbilia.

"Kaole." Ilikuwa sauti ya Ubena, ya chini. "Mkanda unabaki."

"Vuta kidogo."

"Nimevuta. Unabaki."

"Vuta tena, kitambaa cha hivyo kinanyooka."

"Dada yangu, nimevuta mpaka nimeona haya. Geuka utazame."

Nikageuka haraka. Alikuwa ameshika sketi, ameuzungusha mkanda wote kiunoni, na mwisho wa mkanda ulikuwa unaning'inia nje kama ulimi wa mbuzi. Upana wa kiganja hivi. Akanionyesha ya pili, vilevile. Mezani kwake palikuwa na mlima wa sketi zangu, na aliyekuwa nyuma yake alikuwa amekunja mikono, hana kazi.

Nikaishika ile niliyokuwa naishona. Nikaifunua ndani. Sikuhitaji rula. Nilikuwa nimeacha vidole viwili ubavuni, kila upande, sawasawa, bila kupinda hata mahali pamoja. Sijawahi kushona mishono mizuri kama ile. Mtoto ni mdogo, anaanza darasa la kwanza, mkono wangu ukamwachia nafasi ya kukua bila kuniuliza. Tofauti ni kwamba barazani kitambaa tunakikata kipana kwanza. Hapa kilikuwa kimekatwa kwa kipimo, na ile nafasi nimeitoa kiunoni kwa mtoto mwenyewe. Sketi ya kumwachia mtoto nafasi isingemwingia mtoto.

Yule mama wa raba nyeupe alikuwa upande wa pili wa mstari, anakuja polepole. Na hapa ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Ukiutazama mstari kwa mbali, aliyekwama hakuwa mimi. Mbele yangu palikuwa peupe, kazi imekwisha. Mlima ulikuwa kwa Ubena. Aliyeonekana mzito ni Ubena.

Nikamwona ameshika mkasi, anautazama ule mkanda. "Nikate?" akaninong'oneza.

"Usikate!"

Nilisema kwa nguvu mno. Vichwa vikageuka. Ikabidi ninyanyue mkono kama mwanafunzi wa msingi.

"Kuna nini hapo?" msimamizi akauliza.

"Ni mimi, mama. Nimekula kitambaa. Mikanda ya huyu mwenzangu ni mizima, mishono yangu ya mbavu ndiyo mipana."

Akaja. Akavaa miwani, akaifunua sketi ndani, akaitazama kwa muda mrefu. Nikasikia mwalimu wangu ananusa kutoka kule mlangoni.

"Umefundishwa sentimita ngapi?"

"Moja, mama."

"Na hii?"

"Hii... ni ya mtoto mdogo, mama. Nimemwachia. Mtoto anakua."

Karakana nzima ikacheka. Hata Ubena alicheka, kwa woga. Msimamizi hakucheka, wala hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama ndugu wa mbali ambaye jina lake limemtoka.

"Akikua," alisema, "watanunua nyingine."

Aliniondoa kwenye mashine, akamweka binti mwingine, na mimi nikapewa kiti pembeni nifumue nilizoharibu. Nikafumua. Mstari ukaanza kwenda tena, na mlima wa Ubena ukapungua mpaka ukaisha, na hilo angalau lilinipa pumzi. Nilikuwa nafumua huku najipangia maneno ya kumwambia shangazi. Kila sentensi niliyoianza ilikatikia kwenye neno "bado".

Baada ya adhuhuri wakasoma waliopata. Ubena alikuwemo. Aliruka juu akagonga taa. Mimi sikuwemo, nikampigia makofi mpaka viganja vikaniwasha. Watu walipoanza kutawanyika msimamizi akaniita kando, mwalimu akiwepo.

"Mashine sikupi," akasema. "Mkono wako utaniharibia kazi. Lakini nina nafasi mwisho wa mstari, kukata nyuzi. Nguo ikishakwisha, unakata nyuzi zinazoning'inia, unaipeleka kupigwa pasi. Unasimama kutwa. Ukitaka, kesho asubuhi panda basi na wenzako. Usipotaka, sitakulaumu."

Akaenda zake. Nikamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, nifanyeje?"

"Sikushauri. Nikikushauri leo, kesho utanilaumu." Kisha akaongeza, "Ila kumbuka, kukata nyuzi nako ni ndani ya geti."

Ubena alinipakia kwenye pikipiki ya rafiki yake mpaka Kaole. Njia nzima alikuwa anaongea kwa kupiga kelele kushinda upepo, kwamba akishazoea ataniombea mashine, kwamba tutakula pamoja mchana. Mimi nyuma yake nilikuwa nasema "ee, ee," na moyoni nawaza: fundi aliyeshona gauni la bibi harusi anakwenda kukata nyuzi za sketi za watu. Na kama nisipokwenda, fundi huyohuyo anakaa barazani kungoja akina mama wasiokuja. Nilimwomba anishushe kabla ya kufika kwetu ili nitembee. Sikutaka kufika.

Shangazi alikuwa uani anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua, shangazi. Lakini siyo kwenye mashine."

"Wapi sasa? Kwenye kukata kitambaa?"

"Kukata nyuzi."

Ungo ukasimama. "Nyuzi zipi?"

"Zinazobaki nje nguo ikiisha."

"Hee!" Akaweka ungo chini. "Mimi nimekukalisha kwenye cherehani miguu haijafika chini, ukakate nyuzi? Kazi tuliyokuwa tunawapa watoto ili wasituchezee mkasi mkubwa?"

Nikamweleza yote. Sketi, kiuno, mkanda uliobaki, nilivyojibu na nilivyojibiwa. Nilipofika kwenye vidole viwili alifunika mdomo kwa kanga, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka naye, kisha kicheko kikamkauka ghafla, akabaki anautazama mchele.

"Sasa unataka nini wewe?" akaniuliza.

Hakuwahi kuniuliza hivyo kabla.

"Nataka kwenda, shangazi. Naogopa, lakini nataka. Mkono wangu nitaufundisha. Nikiwa mle ndani nitaona mshono wao unavyofanyika."

"Na wasipokurudisha kwenye mashine?"

"Sijui."

"Hujui."

"Sijui, shangazi."

Akachukua ungo wake akaendelea kuchambua. Nilikaa pale nimekunja magoti, nasubiri, na kila chuya aliyoitupa nilihisi kama ananihesabia mimi.

Ndipo jirani yetu, mama wa muuza vitumbua, akachungulia juu ya ua. Nadhani alikuwa ameniona nikipita.

"Hodi wenyewe! Mtoto amerudi? Vipi kiwandani, wamempa?"

Nikafungua mdomo. Shangazi alinitangulia.

"Karibu jirani. Wamempa, alhamdulillahi. Kesho anapanda basi lao."

"Mashaallah! Wamemweka wapi? Anashona nini?"

"Huyu hashoni," shangazi akasema, na uso wake ulikuwa mkavu kama wa hakimu. "Kushona wanashona wenzake. Huyu yuko mwisho kabisa. Nguo haitoki kiwandani mpaka ipite mikononi mwake."

"Yallah! Mkubwa wao?"

"Sikusema mkubwa. Nimesema haitoki."

Jirani akapiga vigelegele viwili, vikasikika mpaka njiani, na mlango wa nyumba ya pili ukafunguka. Nilimtazama shangazi, naye akanitazama, macho yake yamejaa kitu ambacho sikujua ni utani au ni machozi. Sasa hata kama ningetaka kubaki, nisingeweza.

"Usikae hapo umeduwaa," akaniambia kwa sauti ya chini, jirani akiwa bado anashangilia. "Kafue mtandio, ukauke kabla jua halijazama. Basi haliwangoji wakubwa."